Nairobi Ilikunywa Wapi, na kwa Ruhusa ya Nani?

Februari 1946 George Orwell aliandika katika gazeti la Evening Standard la London kuhusu baa anayoipenda kuliko zote mjini. Haina redio wala piano, kwa hiyo watu wanaweza kuzungumza. Wahudumu wanawajua wateja wengi kwa majina. Nyuma kuna bustani, watoto wanabembea huku wazazi wakinywa. Unasoma, unatamani kwenda, halafu kuelekea mwisho anakuambia ukweli: baa hiyo haipo. Ameiunda kutokana na sifa anazozitamani.

Nilipoisoma tena insha hiyo mwaka huu nikawaza, kwa Nairobi ingekuwaje? Baa yetu ya kale ni ipi? Nikaanza kuuliza watu. Wakili mmoja akanitajia veranda ya Norfolk. Fundi wa viatu wa River Road akanitajia baa ya ghorofani anayoijua tangu enzi za Mzee Kenyatta. Shangazi yangu, aliyekaa Eastlands miaka mingi, akacheka tu.

"Kilabu cha zamani kilikuwa chumbani kwa mama fulani," akasema. "Na huyo mama alikuwa anakimbizwa na polisi. Sasa hicho utakiandikaje?"

Nikachukua daftari, nikatenga Jumamosi tatu. Nilikusudia kuandika tathmini ya kawaida: kinywaji, viti, muziki, choo. Hayo nimeyaandika, yamo humu. Lakini kila nilipofika nilikuta maswali ya shangazi yamenitangulia mlangoni: nani aliruhusiwa kunywa hapa, nani aliruhusiwa kupika, na faida iliingia mfuko wa nani?

Verandani

Hoteli ya Norfolk ilifunguliwa siku ya Krismasi 1904, Nairobi ikiwa na miaka mitano tu tangu reli ifike. Walowezi wenye vyeo vya kizungu walijaa pale hadi hoteli ikataniwa kwa jina la bunge la malodi la London. Hapo ndipo walipokunywa, wakagawana ardhi kwa maneno kabla ya kuigawana kwa hati.

Nimekaa nje, nimeagiza Tusker moja baridi. Viti ni vizuri, mhudumu ana adabu, glasi inang'aa. Mbele yangu, ng'ambo ya barabara, ni Chuo Kikuu cha Nairobi na kituo kikuu cha polisi. Ukijua kilichotokea hapo, bia inashuka polepole.

Tarehe 16 Machi 1922 umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai Harry Thuku aachiliwe. Thuku alikuwa amepinga kipande, kodi, na wanawake kulazimishwa kufanya kazi. Wanaume walipoanza kusitasita, Muthoni Nyanjiru alipandisha nguo yake na kuwaambia wampe yeye suruali zao. Umati ukasonga mbele, askari wakafyatua risasi. Walioshuhudia walisema kwamba baadhi ya wazungu waliokuwa kwenye veranda ya Norfolk nao walifyatua. Watu zaidi ya 20 walikufa, Muthoni akiwa miongoni mwao.

Mwaka huohuo, 1922, ndugu wawili, Charles na George Hurst, walikuwa miongoni mwa walioanzisha kiwanda cha bia nje kidogo ya mji. Kreti za kwanza zilipelekwa Hoteli ya Stanley. Mwaka uliofuata George aliuawa na ndovu akiwa mawindoni, na bia ikapewa jina la ndovu mwenye pembe. Kila Mkenya anaijua hadithi hii, iko kwenye nembo. Kisichoandikwa kwenye nembo ni kwamba kwa zaidi ya miaka 20 Mwafrika hakuruhusiwa kuinywa. Angeweza kubeba kreti, kuosha glasi, hata kufungua chupa. Kuinywa ilikuwa kosa.

Hukumu yangu: kinywaji safi, bei ya watalii, choo cha kifahari. Ni baa ya kale kweli, lakini kwa muda mrefu ilikuwa ya kale kwa watu wachache.

Pumwani, au pombe ya kienyeji ya baraza la mji

Jumamosi ya pili nilishuka Majengo, Pumwani. Nilikuwa natafuta palipokuwa na ukumbi wa pombe wa manispaa. Niliuliza watu watatu, wakanielekeza pande tatu tofauti.

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo, kwa sababu neno "kienyeji" linatudanganya. Kabla ya mji, pombe ilikuwepo lakini baa haikuwepo. Muratina ya Wagikuyu, ya asali au miwa pamoja na tunda la mti linaloipa jina, ilikuwa ya wazee, ya mahari, ya kubariki. Busaa ya Waluhya, ya unga uliochachushwa, ukakaangwa, ukachanganywa na kimea cha wimbi, ilinywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, watu wameketi kwa heshima zao. Kijana hakujikaribisha tu. Hakuna aliyekuja na sarafu mkononi, akanywa na watu asiowajua, akaondoka.

Kitu hicho, yaani mgeni, sarafu na kikombe, ni cha mjini. Na mjini kilikuwa na mabwana wawili walioshindana tangu mwanzo: akina mama waliopika vyumbani, na baraza la mji.

Baraza halikuvumbua mbinu yake. Iliazimwa kutoka Durban, Afrika Kusini, ambako sheria ya 1908 iliipa manispaa haki ya kuwa mpishi na muuzaji pekee wa pombe ya Waafrika. Ukipika nyumbani unavunja sheria. Ukitaka kunywa, njoo kwenye ukumbi wetu, kunywa pombe yetu, lipa kwenye dirisha letu. Faida inaingia kwenye mfuko wa shughuli za Waafrika. Nairobi ilipoanza kuijenga Pumwani kama mtaa rasmi wa Waafrika, mwanzoni mwa miaka ya 1920, ikachukua mbinu hiyohiyo. Pombe ya manispaa iliitwa tembo, neno la Pwani lililopandishwa reli hadi bara na kukabidhiwa karani.

Fikiria hesabu yake. Mfanyakazi analipwa mshahara mdogo kwa madai kwamba familia yake iko kijijini inajilisha. Jumamosi anakunywa ndani ya ua, chini ya macho ya askari, na Jumatatu anarudi kazini. Pesa alizoacha dirishani zinatumika kumhudumia yeye mwenyewe, ili mlowezi asiongezewe kodi. Kila kikombe kilikuwa kodi ya pili, ila hii mtu aliilipa akiimba.

Washindani wa baraza walikuwa wanawake. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha 1990 kuhusu ukahaba katika Nairobi ya kikoloni, The Comforts of Home, aliwahoji wazee wa kike wa Pumwani na mitaa jirani. Picha inayotoka humo si ya wanawake waliopotea mjini. Wengi walikuja kwa hesabu: kuokoa mifugo ya baba, kulipa deni, kujenga nyumba yao wenyewe. Walipangisha vyumba na kupika pombe, na Pangani na Pumwani kulikuwa na wanawake wenye majumba wakati sheria na mila zote mbili zilisema mwanamke hamiliki kitu. Ndio maana msako wa pombe haukuhusu afya peke yake. Kila pipa lililomwagwa lilikuwa mteja aliyerudishwa kwenye dirisha la manispaa.

Na Kibra hali ilikuwa hivyohivyo. Wanubi, askari wa zamani wa jeshi la Mwingereza na familia zao, walipewa makao pale kando ya mji. Wanawake wao wakatengeneza gini iliyosifika Nairobi nzima. Askari aliyekwenda kuikamata asubuhi huenda aliionja jana yake.

Hukumu ya ukumbi wa Pumwani siwezi kuitoa, sikuupata. Mzee mmoja aliyekuwa akicheza bao karibu na soko aliniambia hivi: "Kijana, pale pombe ilikuwa nyingi lakini haikuwa na mwenyewe. Ukinywa kwa mama, akiona umelewa anakwambia nenda ukalale. Pale kwa serikali, nani atakwambia?"

River Road, ghorofa ya kwanza

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia marufuku ya bia ya chupa ikaondolewa. Wanaume waliopigana Burma walikuwa wamekunywa bia huko, na viwanda viliona soko limekaa bure. Pombe kali zilisubiri hadi miaka ya 1950. Ghafla chupa ikawa cheti: mwenye Tusker mezani ni mtu wa mjini, ni raia karibu. Wapiganaji wa Mau Mau walilijua hilo vizuri. Mwaka 1953 waliagiza watu wa Nairobi wasusie mabasi, sigara na bia. Mtu huhitajiki kususia kitu kisicho na maana.

Baa aliyonielekeza fundi wa viatu iko juu ya duka la vitambaa. Ngazi ni nyembamba, ukipishana na mtu mmoja wenu anasubiri. Kaunta imefungwa kwa nondo kama dirisha la korokoroni, pesa zinaingia kwa tundu moja na chupa inatoka kwa lingine. Viti vya plastiki. Benga ya zamani, kwa sauti inayokulazimisha kuongea na jirani sikioni. Mhudumu alinikumbuka jina baada ya bia ya kwanza, kwa hiyo sifa moja ya Orwell ipo. Choo, tusiseme mengi.

Nilikwenda na Going Down River Road ya Meja Mwangi mkobani. Riwaya hii ya 1976 inawafuata Ben na Ocholla, vibarua wanaojenga jumba refu la Development House na kumalizia mishahara yao kwenye pombe rahisi ya Karara Centre. Zamani niliisoma kama riwaya ya walevi. Safari hii niliisoma kama rekodi. Mwangi anakuonyesha ukumbi ulivyo: msongamano, harufu, deni, vicheko, mtu anayelala palepale, na asubuhi wote wanapanda tena kwenye jengo ambalo hawataruhusiwa kukaa ndani yake. Miaka michache baada ya kitabu kutoka, ulimwengu huo ulifungwa kwa amri. Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Moi ilivifungia vilabu vya busaa, na 1980 ikaja sheria ya kupiga marufuku chang'aa.

Mwaka mmoja baada ya Mwangi, Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa Petals of Blood, na humo pombe inaitwa Theng'eta. Inaanza mikononi mwa bibi mzee, Nyakinyua, ikinywewa kwa taratibu zake. Inakuwa biashara ya Wanja na Abdulla. Mwishowe inakuwa kiwanda chenye wakurugenzi na mtaji wa nje, na waliokuwa nayo mwanzo wanabaki wateja. Wahakiki wameandika sana kuhusu kitabu hiki kama kisa cha ubepari. Ni sawa, lakini mimi naona pia ni historia ya leseni: bibi alikuwa na ujuzi, Wanja na Abdulla wakaijenga biashara, kampuni ikapata karatasi.

Hukumu: bia baridi, bei ya binadamu, muziki juu mno, ngazi hatari ukishuka saa tano usiku. Nitarudi.

Mama pima

Jumamosi ya tatu nilikwenda Mathare na rafiki aliyezaliwa huko. Sitataja mahali. Tuliingia uchochoro, tukavuka daraja la mbao, tukaketi kwenye benchi nje ya chumba cha mabati. Mama wa makamo akatuangalia, akamuuliza rafiki yangu, "Huyu ni wa kanjo?" Alipohakikishiwa kwamba si mtu wa baraza la jiji, akacheka na kuleta kikombe.

Huyu ndiye Nairobi inamwita mama pima, kwa sababu anakupimia. Hana chupa, hana nembo, ana kikombe chake cha kipimo na kumbukumbu ya nani anadaiwa.

Miaka ya 1970 mtafiti Nici Nelson alikaa na wapishi wa busaa wa bonde hilihili na kuandika kuhusu mtandao wao. Walinunuliana pombe kwa jumla ili yeyote asikose cha kuuza, walikopeshana, walionyana polisi wakija, walitoana rumande. Kwa jicho la karani walikuwa wahalifu kila mmoja kivyake. Kwa jicho la Nelson walikuwa kitu kama chama cha akiba na mikopo, bila ofisi.

Nilimuuliza mama kama bado anapika busaa. Akatikisa kichwa.

"Busaa ni kazi ya siku nyingi, mwanangu. Ukaange, uchanganye, usubiri. Inanuka mtaa mzima. Halafu isiponyweka inaharibika. Polisi wakimwaga, umekwisha. Hii nyingine naificha kwenye chupa ya maji."

Sentensi hizo zinaeleza miaka 40 ya sera kuliko ripoti nyingi nilizosoma kazini. Marufuku haikuua pombe. Ilichagua ipi iishi. Busaa ni nyingi, nzito, dhaifu, haifichiki, ina chakula ndani yake. Chang'aa ni kidogo, kali, inabebeka. Ukikimbizwa utabeba ipi? Na yule anayetaka faida ya haraka gizani, asiyejua ujuzi wa mama huyu wala kujali, anaongeza chochote. Novemba 2000, pombe iliyochanganywa na methanoli iliua zaidi ya watu 100 katika mitaa duni ya Nairobi, na wengine wakapofuka. Sitaki mtu asome insha hii akadhani natetea kikombe chochote kilichotoka uchochoroni. Kuna familia zilizozika watu kwa ajili ya kikombe kama hicho.

Lakini majirani zetu walifanya uamuzi mwingine. Uganda, kwa sheria ya 1965, iliamua wapishi wa enguli wapate leseni na kuuza pombe yao kwa kiwanda, isafishwe, ifungwe kwenye chupa. Ndiyo asili ya Uganda Waragi. Sisemi waliokoa kila mpishi, na waliopika bila leseni waliendelea kukamatwa. Ila walau mwanakijiji aliandikwa kwenye mnyororo.

Sisi tulirudi kwenye mbinu ya Durban kwa sura mpya. Mwaka 2004 ikaja Senator Keg, bia rahisi ya pipa iliyosamehewa ushuru ili kuwatoa watu kwenye chang'aa. Kinywaji salama zaidi, sibishi, na wengi wako hai kwa sababu yake. Lakini angalia nani tena ndiye mpishi. Halafu ikaja sheria ya 2010, ile tuliyoizoea kwa jina la Mututho. Watu wanakumbuka saa za kufungua baa, saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku. Wachache wanakumbuka kwamba sheria hiyohiyo iliihalalisha chang'aa, mradi itengenezwe kwa leseni na ifungwe kwenye chupa ya glasi isiyopungua mililita 250. Nilimsomea mama kifungu hicho kwenye simu yangu. Akasikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo ni halali?"

"Ni halali, mama. Ukiwa na leseni na mashine ya chupa."

Akaangalia benchi, akaangalia bati, akaangalia mtoto aliyekuwa akifanya hesabu za shule mlangoni. "Sawa," akasema, akaenda kumpimia mteja mwingine.

Hukumu: kinywaji sikukimaliza, kilinishinda. Viti, benchi moja. Muziki, redio ya jirani. Watu walizungumza kwa zamu na kusikilizana. Watoto walikuwepo, ingawa hawakuwa wakibembea, na hilo halikunifurahisha. Mzee mmoja alipoanza kupayuka, mama alimwambia aende akalale, naye akaenda.

Kumbukumbu ya polisi

Nilirudi nyumbani nikaipanga orodha yangu, na nikaona kasoro moja kubwa. Kuhusu Norfolk nina tarehe ya kufunguliwa, picha, majina ya wageni. Kuhusu kiwanda nina majina ya waanzilishi na hata ndovu. Kuhusu wapishi wa Pumwani, Kibra na Mathare, walionywesha watu wengi kuliko veranda yoyote, kilichoandikwa wakati huo ni kumbukumbu za misako: nani alikamatwa, galoni ngapi zilimwagwa, faini kiasi gani. Wasingekamatwa wasingeandikwa kabisa. Tunaloliita historia ya baa za Nairobi, sehemu yake kubwa iliandikwa na polisi. Nyingine waliiandika watunzi wa riwaya, na chache iliokolewa na watafiti waliokwenda kukaa kwenye mabenchi na kuuliza.

Nikampigia shangazi, nikamsomea rasimu. Alinyamaza kidogo, kisha akanitajia nyumba: Shauri Moyo, karibu na mabomba ya maji, chumba cha mwisho. Mume wake, yaani mjomba marehemu, alikuwa akinywa pale kila mwisho wa mwezi. Mama mwenyewe alikuwa na sauti nzuri, alikuwa anaimba akipima.

Nikamuuliza kama kuna picha yake popote.

"Picha ya nini?" akasema. "Ya kupelekea polisi?"